Kengele ya Mbuzi Ndani ya Lori la Kijani: Maisha ya Yordani Mdoe, 1909 hadi 1960

Padre wetu, wazee wa ukoo, wenzetu mliopanda kutoka Korogwe na Mkumbara, ninyi mliotembea kwa miguu tangu alfajiri, na wewe Bwana Kantilal uliyekubali kukaa juani pamoja nasi, familia inawaomba mtulie kidogo msikie habari za mtu wetu tangu alipozaliwa mpaka jana tulipomleta hapa Kwedizinga, maana alikaa barabarani miaka ishirini na mitano, na wengi wenu mlimjua kwa mlio wa gari lake tu, hamkupata nafasi ya kuketi naye akasimulia.

Marehemu Yordani Mdoe alizaliwa hapa hapa Kwedizinga, wilaya ya Handeni, mwaka 1909, siku yenyewe hakuna aliyeiandika, lakini mama yake, marehemu Bi Mwantumu, alisema ilikuwa masika, Wajerumani bado wanasogeza reli kwenda Moshi, na mvua ya siku hiyo iliingia mpaka jikoni ikazima moto, ikabidi maji ya kumwogeshea mtoto yakaombwe nyumba ya pili. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Mdoe, mkulima wa mahindi na mfugaji wa mbuzi, na alipotimiza miaka saba akakabidhiwa mbuzi kumi na wanane awachunge, na beberu wa mbele alikuwa amevishwa kengele ndogo ya shaba ambayo Mzee Mdoe aliipata kwa wafugaji wa Kimasai.

Sasa kengele hiyo mwiweke moyoni, kwa kuwa ndiyo iliyomlea. Mzee Mdoe alikuwa analima huku bondeni, mtoto yuko kule mlimani na mbuzi, hawaonani, lakini baba anasikiliza, na jioni mtoto akirudi anaulizwa, "Leo mbuzi wangu umewafanya nini, mbona kengele ilikuwa inalia kama ngoma ya arusi?" Naye anajibu, "Walikuwa na kiu, baba, tukakimbilia mtoni." "Kiu yao au kiu yako?" Ukweli ni kwamba mtoto alitaka kwenda kuogelea, na baba anamwambia bila kupandisha sauti, "Mbuzi ukimkimbiza kutwa, jioni hana maziwa, na mwenye mimba ataitoa, na wewe utasema ni ugonjwa." Maneno hayo Yordani aliyarudia mpaka utu uzima, mbuzi akageuka gari, lakini maneno hayakubadilika.

Mwezi wa Januari 1921 alipelekwa shule ya misheni ya Kideleko, akasoma mpaka mwisho wa mwaka 1925, akajua kuandika jina lake na kupiga hesabu, na siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1923, akabatizwa kwa jina la Yordani. Mzee Mdoe hakubisha, alisema tu, "Jina wampe walitakalo, bora mbuzi wanaendelea kumtambua."

Mwaka 1926 alishuka Korogwe kutafuta kazi, akakata mkonge katika shamba moja la wazungu miaka mitatu, mikono ikachanika, kisha akahamishiwa kwenye banda la magari awe anaosha malori, na kwa kuosha akajua kila msumari, na kwa kusogeza mbele na nyuma akajua kuendesha, akapewa leseni yake tarehe 14 Machi 1932. Baba yake alikuwa amefariki tangu Oktoba 1929, na katika urithi ndugu zake walichukua mbuzi, yeye akaomba kengele, wakamcheka, "Kengele bila mbuzi utaivaa wewe?" Akaifunga kwenye kitambaa akaiweka sandukuni.

Marehemu hakuzaliwa anajua, na mwenyewe hakutaka wadanganywe watu. Mwaka 1933, mwezi wa Julai, lori la shamba alilokuwa akiendesha lilimfia barabarani, injini inanguruma lakini magurudumu hayazunguki, likavutwa na ng'ombe mpaka kwa fundi Harish, aliyekuwa na banda lake nyuma ya stesheni ya Korogwe. Harish akafungua, akatoa sahani ya klachi, akamwita, "Yordani, njoo utazame, hii imekwisha kama sabuni ya mwisho wa mwezi, mguu wako wa kushoto unakaa wapi ukiendesha?" "Juu ya klachi." "Wakati wa kubadili gia?" "Wakati wote, nauweka tu." "Basi klachi imekuwa kigoda cha mguu wako! Miezi minane unaikanyaga nusu, inateleza, inaungua, inalika, na wewe uko juu unaimba. Mguu ukichoka nenda nyumbani ukalale, hapa si mahali pa kupumzisha mguu."

Yordani aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na tangu siku ile mguu wake wa kushoto ulikaa sakafuni, ukapanda kwa kubadili gia tu ukashuka. Lakini kilichomsumbua ni kwamba miezi minane yote alikuwa analiua gari na hakusikia chochote, na ndani ya ngurumo ya injini nani angemwambia? Ndipo akakumbuka sanduku, akaitoa kengele ya baba yake, akaifunga kwa waya kwenye paa la kebini, mbele ya uso wake. Klachi ikiachiwa kwa pupa gari linashtuka, kengele inalia, breki ikicheleweshwa halafu ikakanyagwa kwa nguvu, inalia, shimo likiingiwa kwa mbio, inalia, na kila ikilia yeye anajiuliza, kiu yao au kiu yangu?

Tarehe 12 Mei 1934 alifunga ndoa katika kanisa la Kideleko na Mwaija binti Mwinjuma, ambaye leo ndiye mjane wetu aliyekaa pale kwenye mkeka, na siku ya kumchukua bibi arusi aliazima lori, akina shangazi wakapanda nyuma na vigelegele, wakapiga vigelegele mpaka wakachoka, Korogwe haijaonekana, shangazi mmoja akagonga paa la kebini, "We bwana arusi, umebeba mke au umebeba mayai?" Habari ikatangulia mjini kuliko lori lenyewe, na jina la Bwana Arusi likamshika mpaka uzee. Mungu aliwajalia watoto wanne, Ponsiano aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1935, Fabiani aliyezaliwa 1938 na kufariki akiwa na miezi tisa, Mwantumu aliyezaliwa tarehe 19 Desemba 1941, ambaye kuzaliwa kwake kuna hadithi mtakayoisikia sasa hivi, na Agnesi aliyezaliwa 1945.

Mwezi wa Februari 1936 Bwana Kantilal, mwenye duka la nguo, chumvi na mafuta ya taa pale Korogwe, alimwajiri, na tarehe 4 Juni 1938 akanunua Tanga malori mawili mapya, ndugu kabisa, siku moja, aina moja, ila moja likapakwa rangi ya kijani milangoni na la pili buluu. La kijani akapewa Yordani, la buluu akapewa Gregori, kijana wa Bungu, mrefu, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kuimba, ambaye hapa yupo na ametupa ruhusa tuseme yote.

Kazi ilikuwa kupeleka bidhaa Handeni na kurudi na mahindi, na safari nyingine kupanda Bungu kuchukua ndizi na viazi. Gregori asubuhi akiwasha gari anakanyaga resi pale pale mpaka kuku wanaruka uani, injini haijapata hata joto, anaondoka kwa kishindo, anabeba zaidi ya kipimo, mkono mmoja usukanini na mwingine umelala juu ya gia, anakata kona hajapunguza, anasimama mlangoni kwa breki ya ghafla ili vumbi lipite mbele yake, na watu wanapenda, "Gregori kafika!" Yordani asubuhi anakagua maji na mafuta ya injini, anawasha, analiacha lipate joto yeye anakunywa uji, halafu ndipo anatoka, na akifika wenzake wameshakula. Pale sokoni Handeni wakimwona wanapiga kelele, "Bwana Arusi, bibi arusi hajambo?" Naye anateremka taratibu anafunga mlango kwa mkono wala haubamizi, anawajibu, "Hajambo, kalala, msimwamshe."

Nyumbani nako tabia hiyo ilimfuata, mjane asitufiche, mlango ukibamizwa anakunja uso, sufuria ikiwekwa kwa kishindo anauliza kuna nini, mpaka siku moja Mama Ponsiano akamwambia, "Baba Ponsiano, mimi si lori lako, ukitaka kunisikiliza nisikilize ninaposema, usisikilize sufuria."

Vita ilipoanza mwaka 1939 vipuri vikaadimika, tairi hakuna, klachi hakuna, fundi Harish akawa anakwambia tu, "Vita imekula," na hapo ndipo tofauti ya ndugu wawili ikaonekana, lori la buluu kila juma liko kwenye banda la Harish limeinuliwa juu ya magogo, la kijani linapita barabarani kama lilivyotoka Tanga. Watu wanatafuta sababu, wakaitazama ile kengele. "Ile si bure, ameipata kwa waganga wa Kimasai, ndani yake kuna kitu." Wengine walikuwa wanaigusa kwa siri wakibebwa, na mama mmoja wa Sindeni aliomba asuguliwe nayo mtoto wake mwenye kikohozi, Yordani akakataa kwa heshima, akamwelekeza kwenye dawa ya hospitali.

Mwezi wa Agosti 1941 Bwana Kantilal akawaita wote wawili, akasema petroli imepunguzwa, kuanzia Desemba kibali ni cha gari moja, na gari moja ni dereva mmoja, na alikuwa anaegemea upande wa Gregori kwa kuwa anafika mapema na wateja wanampenda. Yordani akasema, "Tajiri, tazama gari lake na langu." Gregori akaruka, "Tajiri, lake lilitoka kiwandani na bahati, tena lina dawa juu ya paa, nipe mimi lile la kijani uone, yeye apewe hili langu linalokohoa." Bwana Kantilal akafikiri, akaona ni haki, akaamua wabadilishane kuanzia Jumatatu tarehe 1 Septemba hadi Jumapili tarehe 30 Novemba, na mwenye kulimaliza gari arudi kwao.

Basi hebu fikirini, mtu ana mke mwenye mimba ya miezi mitano, ana mtoto wa miaka sita, hana mbuzi hata mmoja kwao, na miaka mitatu amelitunza gari lake kama mboni ya jicho, leo anaambiwa alikabidhi kwa mwenzake, achukue la kufa, halafu apimwe kwa hilo. Mama Ponsiano alilia siku hiyo, yeye hakulia, aliuliza tu kama anaweza kuchukua kengele yake, Gregori akashika mlango, "Kengele ibaki, maana dawa ndiyo hiyo hiyo!" Na Bwana Kantilal akasema ibaki. Kabla hawajaondoka fundi Harish akafungua klachi za magari yote mawili, akapima unene uliobaki, akakata njiti mbili za kiberiti, kila moja sawa na unene wa klachi yake, ya kijani ndefu, ya buluu fupi kabisa, akazitia kwenye kopo na kulifunga.

Yordani akapanda kwenye lori la buluu, kimya, halina kengele, akahisi kama kiziwi, na Mama Ponsiano, huku machozi hayajakauka, akatoa kikombe cha bati na kijiko, akamwambia, "Funga hiki, kitakupigia kelele kuliko mimi." Akakifunga pale paani, kijiko ndani ya kikombe, na sokoni wakapata la kusema, "Bwana Arusi sasa anaendesha na chai!"

Juma la kwanza alitembea kama mgonjwa, hakukanyaga resi kubwa, mlimani akisimama alishika breki ya mkono wala hakulizuia gari kwa klachi, alikataa kugeuza usukani gari likiwa limesimama, alisogea kwanza kidogo ndipo akakata, injini ikipata moto hakumwaga maji baridi mara moja kama Gregori alivyokuwa akifanya, alikaa kwenye nyasi akangoja, na gunia likizidi kipimo alilishusha hata mwenye gunia akimtukana. Alikuta waya umekatika akaufunga, akakuta grisi imekauka akapaka, na kila mlio mdogo alioukuta aliufuata mpaka alipoujua unatoka wapi, maana alisema mlio mdogo ukiupuuza unakwenda kuita wenzake.

Alhamisi tarehe 23 Oktoba 1941 alipanda Bungu, akapakia viazi na watu kumi na mmoja juu ya viazi, na pale juu kabisa, kabla hajaanza kuteremka, akaingiza gia ya kwanza, wakati madereva wote wa siku zile, na Gregori wa kwanza, walikuwa wanatoa gia na kuliachia gari liteleze lenyewe ili kuokoa petroli, wakizuia kwa breki tu. Lori likatambaa, injini inalia kwa uchungu, watu wakachoka, bibi mmoja akainama mpaka dirishani, "We mwanangu, shamba langu litaota msitu kabla hatujafika chini, kwani gari lako linaogopa nini?" "Linaogopa wewe usianguke, bibi." "Mimi nimeanguka mara nyingi, twende!" Wakacheka wote, na bado wanacheka, Yordani akakanyaga breki kwenye kona ya tatu, mguu ukazama mpaka sakafuni, hakuna kitu, breki zilizoungua miaka mitatu mikononi mwa Gregori zilikuwa zimekwisha.

Hakuwaambia. Alisema baadaye kwamba kama angewaambia wangeruka, na kuruka ndiko kungewaua. Alibaki kwenye gia ile ile ya kwanza, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo isije ikaungua nayo, kushoto mlima, kulia bonde, kijiko kinacheza ndani ya kikombe na bibi kule juu bado anamtania, kona baada ya kona, saa nzima na zaidi, mpaka tambarare, akaligusisha kwenye tuta laini la udongo, likasimama lenyewe. Akateremka, akakaa chini. Yule bibi akashuka kuja kumgombeza, akamwona uso, akauliza kuna nini, akaambiwa, akavua kanga yake ya mabegani akamfuta nayo jasho. Ndugu zetu wa Bungu mliofika leo, familia inamkumbuka bibi yenu.

Breki mpya hazikupatikana, fundi Harish akakata vipande vya mkanda mkuukuu wa mashine ya mkonge, akavipigilia kwa misumari ya shaba, akamwambia, "Hizi si breki, hizi ni dua, endesha kama unavyoendesha." Na lori la buluu likaendelea, likakohoa kidogo, halikulala kwenye magogo hata siku moja mpaka Novemba ikaisha.

Jumapili ile tarehe 30, duka limefungwa, watu wamejaa kwenye banda la Harish kama kuna mpira, magari mawili yakafunguliwa. Klachi ya buluu ikapimwa na njiti yake fupi, na tofauti mtu hakuiona kwa macho, Harish akapitisha ukucha, akasema, "Imelika kwa ukucha, si zaidi." Klachi ya kijani ikatolewa, njiti yake ndefu ikawekwa kando, na nusu yake ilikuwa imebaki hewani, springi moja ya nyuma imepasuka, na breki zimekuwa nyeusi kama masizi. Gregori akasema, "Haiwezekani, dawa ilikuwa juu muda wote, sikuigusa!" Ndipo Bwana Kantilal akapanda kwenye kebini, akaitikisa kengele, kimya, akaingiza kidole, akavuta tambara, likatoka refu, ni mkono wa shati.

"Gregori, hii nguo ya nini?"

"Tajiri, ilikuwa inanipigia kelele njia nzima, kichwa kinauma, nikaiziba."

Wallahi watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, fundi Harish akashika ukuta, na Gregori mwenyewe akasimama na shati lake lisilo na mkono, ndipo kila mtu akalitazama. Bwana Kantilal hakucheka, alimgeukia Yordani akamwuliza kwa upole, "Kwa hiyo dawa yake ni nini?" Yordani akajibu, "Ni hiyo kelele, tajiri, hakuna nyingine." Na tajiri, mbele ya watu wote, akampa mkono, na kazi ikawa yake, na siku kumi na tisa baadaye mtoto Mwantumu akazaliwa katika nyumba yenye unga.

Gregori alifunga mzigo wake akaenda Bungu, lakini Yordani alimfuata Bwana Kantilal akamwomba arudishwe awe utingo wa gari la kijani, na tusimfanye marehemu malaika, hakumsamehe bure, alimwekea masharti, akae kiti cha pembeni miezi sita na punje za mahindi mfuko wa kulia, kila kengele ikilia ahamishe punje moja mfuko wa kushoto, kisha Gregori akianza kuendesha, Yordani naye ahesabu. Safari ya kwanza ya Gregori kutoka Korogwe hadi Handeni zilihama punje mia mbili na saba, Mama Ponsiano akazichanganya na maharage wakala makande, Gregori akisema, "Shemeji, nakula makosa yangu mwenyewe, na ni matamu." Baada ya miezi sita ya kuendesha zilishuka hadi kumi na nne. Vita ilipokwisha, Bwana Kantilal akanunua lori jingine mwaka 1946, akampa Gregori, na Yordani akamtafutia kengele yake kwenye mnada wa ng'ombe Handeni.

Lori la kijani lilitembea miaka kumi na tano, hadi 1953, na injini yake haijafa mpaka leo, inasaga mahindi pale Mkumbara, nanyi mliotoka huko mmekula ugali wake juzi. Marehemu aliacha kuendesha mwezi wa Juni 1957, akabaki anafundisha, na madereva aliowafundisha ni ishirini na watatu, kumi na saba wako hapa, simameni muonekane, na katika hao hakuna aliyefanya ajali ya kuua mtu, jambo ambalo alilitaja kuliko jambo jingine lolote.

Mwezi wa Novemba 1959 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapelekwa hospitali Korogwe, daktari akamsikiliza kifuani kwa muda mrefu, na marehemu akamwuliza, "Inaliaje?" Daktari akasema moyo umechoka. "Nimeuendesha vibaya?" "Hapana, Mzee Yordani, umefanya kazi nyingi tu." "Kipuri kipo?" "Hakipo." Akasema, "Basi twende gia ya kwanza," akaishi miezi tisa zaidi, anatembea polepole, anapumzika kwenye kila kivuli, na Jumanne tarehe 16 Agosti 1960, saa kumi na mbili asubuhi, mkewe na Ponsiano wakiwa kitandani pake, alituaga. Ameacha mjane mmoja, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Padre na wakristo wa Kideleko, ndugu zetu Waislamu wa Kwedizinga waliochimba kaburi tangu jana, majirani wa Korogwe waliopika na kulala nasi msibani, fundi Harish aliyelikagua gari la msiba na kukataa shukrani, na Bwana Kantilal, aliyetoa lori na kusema hataki liitwe la kuazimwa.

Wa mwisho kushukuriwa ni Mzee Gregori, aliyeomba asiendeshe mwingine ila yeye. Jana alilifunga jeneza kwa mikono yake, akaitundika paani ile kengele ya Mzee Mdoe, akatia punje za mahindi mfukoni, na sisi tuliokaa nyuma na marehemu tulisikiliza njia nzima. Kutoka Korogwe mpaka hapa ililia mara tatu, mara ya kwanza kwenye mbao za daraja la Mto Pangani, mara ya pili kwenye korongo lililochimbwa na mvua, na mara ya tatu hapa uani, gari limeshasimama kabisa. Ponsiano akamwuliza, "Baba mdogo, hiyo ya tatu ni ya nini?" Mzee Gregori akasema, "Hiyo usiihesabu, nimeipiga kwa mkono, ajue kwamba tumefika."

Umefika, Yordani. Mguu ushushe, upumzike.